Hesabu Tunazozikalia (5): Nusu chapati, keria ya Kosta na kosa la Abu Sahl

Redio ilitangaza Jumatatu asubuhi, chai ikiwa bado mkononi: basi dogo limepinduka kwenye kona, abiria wamejeruhiwa, dereva anatafutwa, chanzo ni mwendokasi. Habari hizi nimezisikia mara nyingi hata naweza kumtangulia mtangazaji. Mwendokasi upo, sibishi. Lakini siku hiyo aliongeza jambo moja dogo, akalipita haraka kama mtu anayeruka dimbwi: kwamba barabara nzima ilitapakaa kabichi. Kabichi hizo zilikuwa wapi kabla ya kutapakaa? Hakuna aliyeuliza. Zilikuwa juu.

Nitarudi kwenye kabichi. Kwanza nina deni.

Wasomaji tulioanza pamoja wanakumbuka tulipofika. Tulikwisha kuning'iniza kadi ya manila kwa uzi na timazi tukakipata kitovu cha uzito wake bila kuandika tarakimu hata moja. Tulikwisha malizana na mzegazega: ndoo nzito husogezwa karibu na bega, nyepesi hupelekwa mbali, na mbebaji hutembea bila kuyumba. Hayo sitayarudia. Deni langu ni kwa msomaji wa Morogoro aliyeniandikia hivi baada ya makala iliyopita: “Mwalimu, ukiniambia katikati ya pembetatu, mimi naona nusu ya kimo. Wewe unasema theluthi kutoka kwenye kitako. Nani kakuambia?”

Swali zuri kuliko mwenyewe anavyodhani. Nusu ya kimo haiwezekani, na hilo halihitaji kipimo. Kata pembetatu yako katikati ya kimo, sambamba na kitako. Kipande cha juu ni robo tu ya pembetatu nzima. Cha chini ni robo tatu. Kitovu lazima kishuke. Kishuke mpaka wapi? Hapa watu wengi, na walimu tumo, hujibu upesi: mpaka pale ambapo uzito wa juu na wa chini unalingana. Hapo ndipo mguu unapoteleza.

Chukua mkasi ukate kwenye mstari unaopita kitovu chenyewe, kile ulichokipata kwa uzi na timazi. Peleka vipande viwili dukani, uombe mizani. Cha chini kitakuwa kizito zaidi: sehemu 5 kati ya 9, na cha juu sehemu 4. Havilingani, na hata hivyo vilipokuwa kitu kimoja vilitulia juu ya ncha ya kalamu. Sababu ni kwamba kipande cha juu ni kirefu, ncha yake iko mbali na mstari, na umbali nao huhesabiwa. Ni mzegazega uleule, ila ndoo zimekuwa karatasi. Kitovu hakigawi uzito nusu kwa nusu. Kinagawa ugomvi kati ya uzito na umbali mpaka pande zote mbili zikubali.

Sasa theluthi yenyewe. Tuseme kimo cha pembetatu ni 1, na kitovu kiko juu ya kitako kwa urefu ambao hatuujui, tuuite k. Weka alama katikati ya kila upande, kisha unganisha alama hizo tatu. Umepata pembetatu ndogo nne, zote sawa, kila moja ikiwa nakala ya mama yao kwa nusu ya vipimo. Mbili zimekaa kwenye kitako, kwa hiyo vitovu vyao viko kwenye nusu ya k. Ya tatu imekaa juu, imepandishwa nusu ya kimo. Kitovu chake kiko kwenye nusu jumlisha nusu ya k. Ya nne, ile ya kati, imesimama kichwa chini, na kitako chake kiko kwenye nusu ya kimo. Kitovu chake kiko kwenye nusu kutoa nusu ya k. Jumlisha vyote vinne: unapata k na 1. Kwa kuwa pembetatu hizo nne zina uzito sawa, gawanya kwa nne, na wastani huo sharti uwe k yenyewe, maana nne hizo ndizo pembetatu nzima. Basi k mara nne ni k na 1. Ondoa k pande zote. K mara tatu ni 1.

Nimeufundisha uthibitisho huu kwa zaidi ya miaka 20, na kila mara huwa kuna mtoto mmoja nyuma ya darasa anayecheka peke yake. Hacheki kwa dharau. Ni ile furaha ya mtu aliyeona mlango mahali alipodhani pana ukuta. Mtoto huyo simwoni tena siku hizi, na nadhani najua alikokwenda: tumempa karatasi ya fomula akariri kabla ya kumpa mkasi na manila. Anajua kuandika “theluthi”. Muulize kwa nini si nusu, atakutazama kana kwamba umemuuliza jina la babu yake kwa Kireno.

Tuendelee. Fimbo iliyonyooka hutulia kwenye nusu. Pembetatu hutulia kwenye theluthi. Piramidi na pia (yaani koni) hutulia kwenye robo ya kimo kutoka kwenye kitako. Aliyewahi kununua karanga zilizofungwa kwenye karatasi iliyosokotwa umbo la pia anaifahamu robo hiyo kwa vidole: ukishika ile ncha ya chini, kifuko hukuelemea, kwa sababu robo tatu ya kimo ndiyo umbali kutoka ncha hadi kitovu. Nusu, theluthi, robo. Fimbo ina ncha mbili, pembetatu ina tatu, piramidi ya pembetatu ina nne. Mpangilio ni mzuri, na kwa bahati ni wa kweli.

Nimesema kwa bahati, na hapa naomba ruhusa ya kuondoka barabarani kidogo. Mhariri ananijua, alikwisha kata tamaa.

Katika karne ya 10, mjini Baghdad, aliishi mwanahisabati aitwaye Abu Sahl Wayjan bin Rustam al-Quhi. Alitoka Tabaristan, kusini mwa Bahari ya Kaspi, nchi ya milima, na jina lake lenyewe linatokana na neno la Kiajemi lenye maana ya mlima. Mwandishi wa wasifu al-Bayhaqi anasimulia kwamba kabla ya kuingia katika elimu, Abu Sahl alikuwa mtu wa sokoni, akirusha chupa za kioo hewani na kuzidaka. Hadithi hii naipenda hata kama ina chumvi. Fikiria chupa inayozunguka hewani: mdomo unakwenda huku, kitako kule, kioo kinametameta, na ndani ya fujo yote hiyo kuna nukta moja tu inayopaa na kushuka kwa utulivu kama jiwe lililorushwa. Nukta hiyo ndiyo kitovu cha uzito. Mdakaji hodari haifuati chupa. Anaifuata nukta. Kama hadithi ni ya kweli, Abu Sahl alikijua kitovu kwa kiganja kabla hajakijua kwa kalamu.

Na kalamu yake haikuwa ndogo. Aliandika kuhusu bikari inayochora si duara tu bali parabola na ndugu zake, na mwaka 988 alisimamia upimaji wa jua kwa amri ya mtawala Sharaf al-Dawla. Hata hivyo, kinachonihusu leo ni barua. Aliandikiana na Abu Ishaq al-Sabi, katibu wa ofisi za watawala, mtu wa nyaraka na ufasaha aliyependa hesabu kama wengine wanavyopenda bao. Kwenye barua hizo Abu Sahl alimpangia rafiki yake vitovu sita. Maumbo matatu bapa: pembetatu, parabola, nusu duara. Maumbo matatu manene, kila moja likiwa umbo bapa mwenzake lililozungushwa kwenye mhimili wake: pia, paraboloidi (yaani umbo kama bakuli lenye kina), na nusutufe. Kwa kila moja akaandika kitovu kiko umbali gani kutoka kwenye kitako, kwa kulinganisha na kimo.

Manene: pia 1/4, paraboloidi 2/6, nusutufe 3/8.

Bapa: pembetatu 1/3, parabola 2/5, nusu duara 3/7.

Tazama vizuri. Juu: moja, mbili, tatu. Chini ya manene: nne, sita, nane. Chini ya bapa: tatu, tano, saba. Ni safu za askari. Nilipoziona mara ya kwanza niliweka kitabu chini nikaenda kunawa uso.

Na matano kati ya sita ni sahihi kabisa. Yanaweza kuthibitishwa moja baada ya jingine, na baadhi Mgiriki Archimedes alikwisha kuyathibitisha zaidi ya miaka 1,100 kabla. La sita, lile la nusu duara, Abu Sahl hakulithibitisha. Alilisoma kutoka kwenye mpangilio. Moja ya tatu, mbili ya tano, basi tatu ya saba, ingekuwaje vinginevyo?

Ingekuwa vinginevyo.

Nenda jikoni. Chukua chapati ya duara, ikate katikati, sasa una nusu duara, na kimo chake ni sawa na nusu kipenyo. Chapati ya nyumbani kwangu ina nusu kipenyo cha sentimeta 15. Kwa hesabu ya Abu Sahl, nusu chapati itatulia kwenye ncha ya kidole sentimeta 6.43 kutoka ukingo ulionyooka. Kwa hesabu sahihi ni sentimeta 6.37. Tofauti ni kama milimita 0.6. Kidole changu kina upana wa zaidi ya sentimeta moja na nusu. Chapati yenyewe haina unene mmoja. Mke wangu anasukuma vizuri, lakini si mashine. Tungeweza kutulizia chapati vidoleni kutwa nzima, sisi na Baghdad yote, tusingemkuta Abu Sahl na kosa.

Kwa hiyo mkono haukumsaliti yule mrusha chupa. Mkono ulinyamaza, kwa sababu hapo ulikuwa umefika mwisho wa uwezo wake. Aliyesema ni katibu. Al-Sabi alimwandikia kumuuliza jambo hili litapatanaje na Archimedes, maana ukikubali 3/7 kuna bei ya kulipa.

Bei yenyewe ni hii, nami nitaieleza kwa njia iliyo nyepesi kwetu, ya Pappus wa Alexandria. Chukua nusu duara, ulizungushe kwenye ukingo wake ulionyooka kama mlango kwenye bawaba, mzunguko mzima. Linafagia tufe. Pappus anasema ujazo uliofagiwa ni eneo la umbo mara njia iliyotembewa na kitovu chake. Ni jambo la akili ya kawaida ukilitafakari: sehemu za nje zinatembea zaidi ya kitovu, za ndani zinatembea pungufu, na kitovu ndiyo nukta ambapo zaidi na pungufu hufutana. Ujazo wa tufe tunaujua, eneo la nusu duara tunalijua, kilichobaki ni umbali wa kitovu: nne za nusu kipenyo, gawanya kwa tatu za pai. Sasa mkubalie Abu Sahl kwamba umbali huo ni 3/7 ya nusu kipenyo, ukatafute pai. Inatoka 28/9, yaani 3.11 na ushee. Na Archimedes alikwisha kuthibitisha, kwa maumbo yenye pande 96, kwamba pai ni kubwa kuliko 3 na 10/71, ambayo ni 3.1408, na ndogo kuliko 3 na 1/7. Ile 28/9 iko nje ya uzio.

Mtu mwingine angerudi kuukagua mpangilio wake. Abu Sahl, mmoja wa wajuzi wakubwa wa jiometri wa zama zake, aliupenda mno.

Kwa nini mpangilio ulivunjika pale tu? Maumbo haya yanakatwa vipande vyembamba, sambamba na kitako, na kila kipande kinahesabiwa kwa ukubwa na umbali wake. Ukishuka kutoka kileleni, vipande vya pia hukua kwa mraba wa umbali, vya paraboloidi hukua sawa na umbali, vya nusutufe hufuata duara, lakini kwa kuwa ni vipande vya eneo, mraba umo tayari na kipeuo hakihitajiki. Hesabu zinabaki safi, namba kamili juu na chini. Kwenye nusu duara bapa kipande ni upana tu. Ili kuupata inabidi uchukue kipeuo cha pili cha kitu kinachopinda, na kwenye kipeuo hicho pai huingia kama mgeni asiyealikwa. Parabola nayo ina kipeuo, lakini ni kipeuo cha umbali mtupu, kinatatulika. Na mwaka 1761 Johann Heinrich Lambert alithibitisha kwamba pai haiwezi kuandikwa kama namba kamili juu ya namba kamili. Hivyo si 3/7 tu iliyokosea. Sehemu yoyote ile ambayo Abu Sahl angeiandika pale ingekosea. Kiti cha sita hakikuwa na mtu wa kukikalia.

Kuna jambo jingine linalonikosesha usingizi. Karne hiyohiyo ya 10, mjini Constantinople, mwandishi mmoja alikuwa akinakili kwa Kigiriki vitabu vya Archimedes, kikiwamo kimoja kiitwacho Njia. Ni barua kwa Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene, Libya ya leo, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya Alexandria. Humo Archimedes anafungua karakana yake. Anaonyesha jinsi alivyokuwa akiyaning'iniza maumbo kwenye mizani ya kufikirika, kipande kwa kipande, mpaka anagundua ujazo na kitovu. Kisha anasema waziwazi kwamba njia hiyo ya mizani hugundua lakini haithibitishi. Ukishapata jibu kwa mizani, sharti urudi ulithibitishe kwa jiometri, na kazi hiyo ni rahisi zaidi ukiwa umekwisha kujua unachotafuta. Ni somo lilelile ambalo Abu Sahl alilihitaji. Kwa kadiri tujuavyo halikumfikia. Kitabu chenyewe kikapotea vibaya: kufikia mwaka 1229 kurasa zake zilikuwa zimekwanguliwa na kuandikwa sala juu yake, ngozi ya kuandikia ikiwa ghali. Mwaka 1906 Mdenishi Johan Ludvig Heiberg aliikuta hesabu chini ya sala, hukohuko Constantinople. Mwaka 1998 kitabu kiliuzwa New York kwa dola milioni 2, kisha kikakaa Baltimore miaka kadhaa wataalamu wakikisoma kwa mionzi. Watu walisali juu ya Archimedes kwa karne nyingi bila kujua. Simlaumu aliyekwangua. Kila kizazi kinakwangua kitu kisichokuwa na bei siku hiyo. Sisi tumekwangua vipindi vya useremala na ufundi shuleni ili tupate muda wa mitihani ya majaribio.

Ninayasema haya kwa sababu vijana wetu wanaishi ndani ya jedwali la Abu Sahl. Timu imeshinda mechi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kijana anaweka mkeka kwenye ya nne, na nauli ya mwezi inakwenda. Uchumi wa mpangilio mzuri. Sisemi dhana ya moyoni haina kazi. Bila dhana Abu Sahl asingeyapata hata matano. Ninachosema ni kwamba dhana inapaswa kukaa kiti cha shahidi, na shahidi huulizwa maswali, kama katibu alivyouliza.

Haya, kabichi.

Barabarani tuna mizani, na serikali zetu zimezigharamia. Sheria ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016 inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na shehena yake. Lori likipita kwenye mizani ya Vigwaza hupimwa ekseli kwa ekseli, na wachache wanajua kwamba namba hizo zinatoa kitovu bure. Ekseli ya mbele ikisoma tani 6 na ya nyuma tani 10, na kati yao kuna mita 4.8, basi kitovu kiko mita 3 nyuma ya ekseli ya mbele. Ni mzegazega, tairi zikiwa ndoo.

Lakini mizani ya barabarani husema kitovu kiko wapi kwa mbele na nyuma. Haisemi kiko juu kiasi gani. Tani 1 ya viazi chini ya viti na tani 1 ya viazi kwenye keria husomeka sawa. Hata vita yetu dhidi ya lumbesa, ambayo naiunga mkono kwa mikono miwili, ni vita ya kilo na bei ya mkulima. Ile nundu ya juu ya gunia hatuihesabii urefu wake.

Tuseme basi dogo aina ya Kosta na abiria wake ni tani 6, kitovu chao kikiwa mita 1.1 kutoka ardhini. Pakia magunia kumi ya kilo 100 kwenye keria, mita 3 juu. Sita mara 1.1 ni 6.6, moja mara 3 ni 3, jumla 9.6, gawanya kwa tani 7: mita 1.37. Uzito umeongezeka kwa sehemu moja ya sita, kitovu kimepanda kwa robo. Kama kutoka katikati ya gari hadi ukingo wa tairi ni sentimeta 85, gari lenye keria tupu lingeweza kuinamishwa karibu nyuzi 38 kabla timazi ya kitovu haijatoka nje ya tairi. Likishapakiwa, karibu 32. Na hapo nimezisahau springi zinazolala upande na abiria wanaolaliana. Kanuni za Uingereza hudai basi la kawaida livumilie nyuzi 35, na lile la ghorofa nyuzi 28 ghorofa ya juu ikiwa imejazwa mzigo sawa na wa abiria. Kosta yetu ya mfano inafaulu asubuhi na kufeli baada ya kupakia, bila dereva kuongeza mwendo hata kidogo. Mwendo hufanya kwenye kona kazi ambayo jukwaa la kuinamisha hufanya kwenye majaribio. Kona ikiwa kali, ule mwendo wa jana uliokuwa salama unakuwa mwendokasi wa leo. Polisi akiandika “mwendokasi” hajadanganya. Ameandika nusu.

Ile 2/6 ya paraboloidi nayo ina habari yake baharini, maana Archimedes aliitumia kupima ni lini chombo kilichoinama kitajirudisha chenyewe. Nchi iliyoizika meli ya MV Bukoba mwaka 1996 na kivuko cha MV Nyerere mwaka 2018 inanidai makala nzima juu ya hilo, wala si aya moja. Itakuwa ya sita.

Mwaka jana nilishuka kutoka Lushoto kwenda Mombo kwa Kosta, barabara ile ya Soni ambayo kila kona inaitazama kona iliyopita kutokea juu. Nilifika mapema nikamtazama utingo akipakia. Kijana wa miaka ishirini hivi, jasho shingoni, na fundi kweli. Ndizi, mzigo mzito, alizitanguliza kwenye buti chini. Karoti kando yake. Magodoro mawili akayatupa juu, ndiyo ya kwanza kwenda kwenye keria, kwa sababu ni mepesi. Hakuna aliyemfundisha pembetatu. Nikajisemea, huyu ni Abu Sahl wa Usambara.

Kisha buti likajaa, na viazi vikafika, lumbesa kumi na moja. Akayashusha magodoro, akayapandisha magunia, akayarudisha magodoro juu ya magunia.

Nikamwita. “Kijana, hayo yote juu?”

“Shikamoo mzee. Usiwe na wasiwasi, tumezoea.”

“Marahaba. Mangapi yanaweza kukaa humu ndani?”

Akachungulia, akahesabu miguu ya watu. “Moja, mzee, ukikubali kulikalia wewe.”

Nilikubali. Nilisafiri mpaka Mombo magoti yamegusa kidevu, gunia chini yangu, na kila kona ya Soni nilikuwa nikihesabu kumi yaliyobaki.